Panya wa Golnar na Miguu ya Keyvan

Kazi ya Golnar ilikuwa kuwatia panya wazimu asubuhi na kuwatuliza kabla ya chakula cha mchana. Hivyo ndivyo alivyowaeleza shangazi zake, ambao hawakuwa na subira ya maelezo marefu. Wao walicheka, wakamwambia kwamba hapa Kerman wazimu upo wa kutosha, hakuna haja ya kuongeza wa panya.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alimshika panya mweupe nyuma ya shingo, akampindua, akamchoma sindano ya ketamini tumboni, kisha akamtia ndani ya boksi jeusi lisilo na kifuniko, chini ya kamera. Dozi yenyewe ilikuwa ndogo, haimlazi mnyama. Baada ya muda mfupi panya alianza kuhangaika. Alikimbia kandokando ya ukuta, akafika pembeni, akageuka, akakimbia tena, kichwa kikiyumba, hanusi kitu wala hatafuti kitu. Ukimwekea mwenzake ndani ya boksi, alimpita kama jiwe. Kompyuta ilipima umbali wa mbio hizo. Panya wengine walipewa ketamini pamoja na dawa ya kutuliza, ile ya zamani wanayopewa watu hospitalini au ile mpya ambayo maabara ilikuwa ikiijaribu, na hapo mbio zikapungua. Mbio zikipungua sana, maabara nzima inafurahi.

“Huyu si mgonjwa wa skizofrenia,” profesa alipenda kuwakumbusha wanafunzi. “Huyu ni panya aliyelewa. Tumeazima tabia moja tu ya ugonjwa.” Wote waliitikia kwa kichwa, kisha wakaendelea kusema “wagonjwa wetu” kila walipozungumzia vizimba.

“Wako leo anakwenda Tehran kwa miguu,” alisema Behrang, mwenzake wa meza ya pili, akichungulia kioo cha kompyuta.

“Na wako?”

“Wangu amepewa ile dawa ya zamani, dozi kubwa. Njoo umwone.” Alikuwa ameiweka miguu ya mbele ya panya juu ya fimbo ndogo ya chuma, kama mtu aliyeegemea kaunta ya duka. Panya mzima angeshuka mara moja. Huyu alibaki vilevile, macho wazi, hajitikisi. “Anangojea mkate wa sangak,” Behrang akasema.

Golnar alicheka, lakini si sana. Aliichagua kazi hii kwa sababu ya kaka yake, na dawa iliyomgandisha yule panya ndiyo iliyokuwa ndani ya mwili wa kaka yake.

Keyvan alikuwa mkubwa wake. Alikwenda Shiraz kusomea upimaji wa ardhi, na huko ndiko watu watatu asiowaona walipoanza kumjadili kwa sauti, usiku na mchana, kama wajumbe wa kikao kisichofungwa. Akarudishwa nyumbani. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu, kisha ikaja mizuri: alimeza vidonge vyake, akawa anamsaidia mjomba wao kwenye soko la wafua shaba, akipaka masufuria bati. Vuli ile akajiona amepona, akaviacha vidonge bila kumwambia mtu. Sauti zikarudi kwa kishindo. Alilazwa, akatoka na amri ya sindano ya matakoni kila baada ya wiki kadhaa, na vidonge juu yake. Sauti zikapungua. Mama yao, Talat, ambaye alikuwa mjane, alichinjisha kondoo akagawa nyama kwa majirani bila kusema ni shukrani ya nini.

Ndipo kutembea kulipoanza.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu, na ndani yake kulikuwa na korido ndefu kutoka mlango wa jikoni mpaka dirisha la mbele. Keyvan aliishika korido hiyo. Alikwenda, akageuka, akarudi. Alikula amesimama, mkate mkononi, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Akiambiwa akae aliketi, lakini magoti yake yalianza kuruka, na kabla chai haijapoa alikuwa ameinuka. Usingizi ulimpata kwa vipande vipande. Zulia la korido, ambalo Talat alipewa siku ya harusi yake, lilianza kulala manyoya katikati.

Asubuhi moja Bi Akhtar wa ghorofa ya pili alipanda na baibui lake la maua la nyumbani.

“Talat jan, mpenzi, samahani, uso wangu umejaa haya,” alianza. “Lakini niambie ukweli. Mmefungua kiwanda huku juu? Taa yangu ya sebuleni inacheza ngoma.”

“Ingia kwanza, unywe chai.”

“Sinywi. Nikinywa nitaona haya kulalamika.”

“Ni Golnar,” Talat akasema bila kupepesa. “Anapunguza mwili. Daktari kamwambia atembee.”

Golnar alikuwa nyuma ya mama yake, mdomo umejaa mkate na jibini. Bi Akhtar alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni. “Mwanangu, ukipungua zaidi ya hapo tutakutafuta kwa darubini.”

Wakati huohuo Keyvan akapita nyuma yao, akafika dirishani, akageuka, akapita tena. Bi Akhtar alimwona. Uso wake ukalegea. “Mungu ampe afya,” akasema polepole, akashuka bila neno jingine. Talat alifunga mlango, akaenda jikoni na kulia. Malalamiko angeyaweza. Huruma ilimshinda.

Golnar alibaki amesimama koridoni. Macho yake yalikuwa yamezoea kazi moja tu. Alimwona kaka yake akienda kandokando ya ukuta, akigeuka palepale, uso hautafuti kitu, sawa na panya wa boksini.

“Mama,” akasema jikoni, “unarudi.”

“Nani anarudi?”

“Ugonjwa.”

Daktari Tavakoli alikuwa mtu mwema mwenye macho mekundu ya uchovu. Kliniki yake ilijaa mpaka ngazini, na kila alipokuwa na mgonjwa ndani, mlango ulifunguka na kichwa cha mtu kikachungulia: “Daktari, swali moja tu.” Keyvan aliingia, akakaribishwa kiti, akasimama nyuma yake.

“Sauti vipi, Keyvan?”

“Zipo kidogo. Daktari, mimi siwezi kukaa.”

“Tunaona, kaka,” Golnar akadakia. Akaanza kueleza. Alieleza vizuri, kwa maneno ya kitaalamu aliyoyatumia mbele ya maprofesa: mwendo usio na lengo, kurudia tendo lilelile, kujitenga na watu. “Mimi hiki ndicho ninachopima kila siku, daktari. Kwa maoni yangu ugonjwa unarudi, na dozi haitoshi.”

Daktari alimtazama Keyvan, akamtazama Golnar, akautazama mlango ambao ulikuwa umefunguka tena. “Wewe ni mtu wa fani,” akasema. “Tena unaishi naye. Mimi namwona mara moja moja.” Akaongeza dozi, na sindano ikachomwa palepale. Keyvan alijilaza kifudifudi bila ubishi. Hata pale kitandani vidole vyake vya miguu vilikuwa vinacheza.

Siku zilizofuata hazikuwa za kutembea tu. Alikuwa kama mtu anayekanyaga makaa. Alisimama kwenye kona ya chumba akinyanyua mguu huu, akiuweka, akinyanyua ule, na machozi yanamtoka bila sauti ya kilio. “Nivueni ngozi hii,” alisema. Siku moja alimwambia mama yake waziwazi kwamba hawezi kuishi namna hii. Talat alificha visu vyote vya jikoni, na Golnar akakata vitunguu kwa mkasi.

Maabarani Golnar alifanya kazi vibaya. Aliwachanganya panya wa vizimba viwili, akalazimika kuanza upya. Alipiga simu nyumbani kila alipovua glavu. “Anatembea,” mama alijibu. “Bado anatembea.” Hata Golnar mwenyewe alikuwa haketi. Alikunywa chai kwenye ngazi za jengo, koti begani, tayari kuondoka, bila kujua aende wapi.

Ijumaa, baada ya adhuhuri, Talat alitoa salamu ya mwisho ya sala yake akasikia nyumba imenyamaza. Ukimya huo ndio uliomshtua. Alitoka koridoni na mswala ungali chini. Mlango wa nje ulikuwa wazi, na viatu vya Keyvan vilikuwa palepale.

Walishuka wote mbio. Bi Akhtar, aliyekuwa akikung'uta kitambaa cha meza dirishani, ndiye aliyewapigia kelele: “Kaelekea mashariki! Na ndala! Nimemwita hakugeuka!” Talat aliwasha gari lao kuukuu aina ya Pride, Golnar akaruka ndani. Muuza machungwa wa pembeni mwa barabara aliwaambia kijana mwenye ndala kapita zamani, anakwenda kama anafukuzwa. Mji ukaisha. Upande mmoja kulikuwa na jangwa, upande wa pili milima yenye theluji, na upepo ulisukuma gari. Talat aliendesha akiomba dua kwa sauti na kutukana malori kati ya dua moja na nyingine.

Walimkuta kwenye barabara ya kwenda Mahan, mbali na nyumba yoyote. Alikuwa amebaki na ndala moja. Walimwingiza garini, akakaa, na kabla Talat hajabadilisha gia alikuwa akisukuma mlango.

“Siwezi! Golnar, Goli, niteremshe! Nitaruka!”

Talat alifunga breki. Golnar aliteremka naye, akavua soksi zake nene, akamvalisha barabarani palepale naye akirukaruka kwa mguu mmoja. Kisha, kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kufanya, akaanza kutembea pembeni yake. Talat aliwafuata kwa gia ya kwanza, taa za hatari zikiwaka na kuzima. Lori likampita likipiga honi. “Mama!” dereva akapaza sauti. “Gari limekufa au umekufa wewe?”

“Utakufa wewe na baba yako!” Talat akajibu kupitia dirishani.

Keyvan alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama kikohozi, lakini Golnar alikuwa hajakisikia tangu vuli, na kilimpa ujasiri.

“Kaka, unakwenda wapi?”

“Siendi popote.”

“Sauti zinakuamuru utembee?”

Keyvan alimgeukia kana kwamba ameulizwa kama jua ni samaki. “Sauti? Sauti zinaniambia nikae chini! Wote watatu. Hata wao wamechoka.”

“Sasa nini?”

“Miguu, Goli. Ni miguu. Kuna kitu ndani ya mifupa, kama sisimizi, kama umeme. Nikisimama kinapanda mpaka kifuani. Nikitembea kinashuka kidogo. Kichwani niko sawa kuliko mwaka mzima uliopita, lakini mwili hauniachi.”

“Ilianza lini?”

“Baada ya sindano. Ile ya kwanza. Na ya pili ikamwaga petroli.”

Upepo ulimletea Golnar vumbi mdomoni. “Mbona hukusema?”

“Nilisema.” Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. “Nilimwambia daktari siwezi kukaa. Ukasema, tunaona.”

Hapo neno likamjia Golnar, neno alilolisoma mwaka wa pili wa masomo yake, akalijibu kwenye mtihani, akapata alama zote: akathisia. Kutotulia kunakoletwa na dawa zilezile za kutuliza. Ukurasa uleule ulisema kwamba watu huichukua kuwa ni ugonjwa unaopanda, wakaongeza dozi. Alikuwa ameusoma ukurasa huo! Lakini kila siku kwa miaka mitatu alikuwa ameona jambo moja tu: dawa ile ikiingia, mbio zinapungua. Ikizidi sana, panya anaganda na miguu juu ya fimbo. Hajawahi hata siku moja kumwona panya wake akikimbia kwa sababu ya dawa ya kumtuliza. Boksi halikumwonyesha jambo hilo, naye akadhani halipo.

“Kaka,” akasema, “nisamehe.”

“Usisimame,” Keyvan akajibu. “Omba msamaha huku unatembea.”

Walitembea mpaka walipofika penye kituo cha mafuta, na kutoka hapo alikubali kulala kiti cha nyuma, miguu nje ya dirisha, akiipigapiga kwenye mlango njia nzima hadi Kerman.

Kesho yake Golnar aliingia na Keyvan kwa Daktari Tavakoli, akasema neno moja tu, lile neno. Daktari aliinuka, akaufunga mlango kwa ufunguo, kichwa cha mtu kikabaki nje kikigonga.

“Keyvan, usikae. Simama hapo unavyotaka, halafu nieleze mwenyewe.”

Keyvan alieleza, akikanyaga palepale kama askari wa gwaride. Daktari aliitazama miguu yake, si uso.

“Na nilipopandisha dozi?”

“Ukaniongezea barabara, daktari.”

Daktari alivua miwani. “Hili ningepaswa kuliuliza mara ya kwanza,” akasema.

“Mimi ndiye niliyekuambia…” Golnar akaanza.

“Wewe ulisema ulichokiona, binti yangu. Kuuliza ilikuwa kazi yangu.” Alisimamisha sindano, akapunguza vidonge, akaandika vingine vidogo wanavyotumia wagonjwa wa moyo. Baadaye, akasema, wangebadilisha dawa yenyewe. “Lakini sindano imo ndani ya msuli, inatoka kidogo kidogo. Mtahangaika bado. Tofauti ni kwamba sasa tunajua tunahangaika na nini.”

Alisema kweli. Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Talat aliogopa dozi ndogo kuliko alivyoogopa korido. “Na wale watatu wakirudi kwa nguvu?” aliuliza kila asubuhi. Walirudi kidogo kweli, na kulikuwa na siku mbili ambazo Keyvan alijifungia chumbani akibishana nao. Golnar alitaka kumpigia daktari waongeze kitu. Akashika simu, akaiweka chini, akagonga mlango.

“Kaka, nikuulize, miguu au sauti?”

“Sauti. Miguu ina nafuu. Niache nimalize nao.”

Kila jioni walikwenda kutembea kwenye bustani ya misonobari mashariki mwa mji. Golnar alichoka mpaka akawa anamchukia, halafu anajichukia kwa kumchukia. Siku moja Keyvan akamuuliza habari za panya.

“Dawa ikiwaisha wanafanya nini?”

“Wanalala. Wanajikusanya kwenye kona, mmoja juu ya mwingine.”

“Halafu?”

Golnar aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Keyvan alimtazama, akaelewa kwamba huuawa, hakuuliza tena. Walizunguka bustani mara nyingine, na swali hilo lilimkaa Golnar siku nyingi.

Behrang naye alimsikiliza Golnar akisimulia yote, akiwa amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia. “Kwa hiyo panya wametudanganya?”

“Panya hawajasema chochote. Sisi ndio tuliosema kwa niaba yao.”

“Basi tuache kazi?”

“Tuache halafu tumpe mtu dawa ambayo hata panya hajaionja?” Akavaa glavu. “Tuendelee. Lakini usinisikie tena nikisema ‘wagonjwa wetu’.”

Alimshika panya wa kwanza wa siku ile. Alimchoma, akamtia boksini, akakaa kumtazama mwenyewe badala ya kuiachia kompyuta. Panya alikimbia, akageuka, akakimbia. Golnar hakujua kilichokuwamo ndani ya miguu ile, na kwa mara ya kwanza hilo lilimsumbua.

Siku chache kabla ya Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi, nyumba nzima ilikuwa juu chini. Mapazia yalikuwa ndani ya beseni, mazulia yamekwenda kufuliwa, na Talat alikuwa jikoni na sinia za kolompeh, vile vitumbua vya tende ambavyo bila hivyo hakuna mgeni anayeheshimiwa. Alikuwa akimsemesha Keyvan huku amempa mgongo, akimlalamikia bei ya lozi na uvivu wa binamu zake. Keyvan alikuwa chini, ameegemea friji, anatoa kokwa za tende na kuzirusha ndani ya bakuli. Golnar alirudi kutoka kazini, akapita kwenda kunawa mikono, akarudi, akachukua tende, akapigwa kofi la mkono na mama yake. Hakuna aliyetia maanani kitu.

“Mama!” Keyvan akapiga kelele ghafla. “Mama, miguu yangu!”

Sinia ilimtoka Talat mkononi. Golnar alikuwa tayari amepiga magoti. “Imeanza? Sisimizi? Niambie, kaka, imeanza lini?”

“Sisimizi, ndiyo. Hapana, siyo wale. Siisikii kabisa!” Alijaribu kuinuka, mguu wa kushoto ukapinda kama kamba, akaanguka kando na bakuli la kokwa likamwagika sakafu nzima. “Imekufa ganzi!” akasema, na macho yake yakapanuka kwa mshangao. “Nimeikalia mpaka imekufa ganzi!”

Walimtazama. Kisha Golnar akaangua kicheko, akalala chali kwenye sakafu yenye unga, na Keyvan akacheka akijipigapiga mapaja na kupiga mayowe kila damu ilipoanza kurudi. Kutoka chini walisikia fimbo ya ufagio ikigonga dari ya Bi Akhtar.

“Chekeni,” alisema Talat, akiokota vitumbua vilivyovunjika na kuvirudisha kwenye sinia kimoja kimoja. “Chekeni tu. Hivi vilivyovunjika mtavila nyinyi, wageni siwapi. Na wewe, Keyvan, usiinuke. Kaa hapohapo, bado kilo nzima.”